Chuma, Jua na Vitamini B12 katika Bahari ya Ross: Uchambuzi wa Kisa

Mwaka 2007 Erin Bertrand, Mak Saito na wenzao walichapisha matokeo ya majaribio matatu yaliyofanywa kwa maji ya Bahari ya Ross, hori kubwa la Antaktika linaloelekea Pasifiki. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza, ingawa kuutekeleza ni kazi ngumu. Maji ya tabaka la juu, pamoja na viumbe vyote vidogo vilivyomo, hugawanywa katika chupa. Baadhi ya chupa huachwa bila kuongezwa kitu, nyingine huongezwa chuma peke yake, nyingine chuma pamoja na vitamini B12, na nyingine madini ya kobalti, ama peke yake ama pamoja na chuma. Baada ya siku kadhaa hupimwa klorofili, rangi ya kijani inayotumika kukadiria wingi wa mwani wa seli moja. Katika majaribio mawili kati ya hayo matatu, chupa zilizopata chuma na vitamini zilikuwa na klorofili nyingi kuliko zile zilizopata chuma tu, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kutoweza kuhesabiwa kuwa ya bahati. Katika jaribio la tatu, vitamini haikuzidisha chochote juu ya kile kilicholetwa na chuma.

Hilo jaribio la tatu ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa kirefu. Vitabu vingi huorodhesha spishi za mwani zinazohitaji vitamini fulani na zile zisizoihitaji, kana kwamba hitaji hilo ni alama ya kudumu kama umbo la gamba au idadi ya mijeledi. Bahari ya Ross inatufundisha jambo tofauti. Jeni za mwani huamua kama seli inaweza kuishi bila vitamini, lakini kama vitamini hiyo itapungua mpaka izuie ukuaji ni suala linaloamuliwa na mwanga, na chuma, na majirani walio ndani ya tone lilelile la maji. Spishi ileile inaweza kukaa wiki kadhaa bila dalili yoyote ya njaa ya vitamini, kisha njaa hiyo ikajitokeza si kwa sababu vitamini imepungua majini, bali kwa sababu kitu kingine kimeongezeka.

Vitamini B12, ambayo kwa jina la kikemia huitwa kobalamini, ni molekuli kubwa yenye atomu moja ya kobalti katikati. Hakuna mmea, mnyama wala mwani wenye kiini cha seli unaoiunda. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na arkea (viumbe wengine vidogo wasio na kiini cha seli) peke yao. Mwaka 2005 Martin Croft na wenzake walikusanya kumbukumbu za spishi 326 za mwani na kuona kwamba 171 kati yake, yaani zaidi ya nusu, haziwezi kukua bila kupata B12 kutoka nje. Katika spishi hizo vitamini hutumika hasa kwenye kimeng'enya kimoja, kile kinachokamilisha utengenezaji wa methionini kwa kuhamishia kikundi cha methili kwenye homosisteini. Methionini ni asidi amino inayoanzisha karibu kila protini mpya, na ni chanzo cha vikundi vya methili ambavyo seli huvitumia katika shughuli nyingi nyingine. Kikikwama kimeng'enya hicho, haikwami kazi moja tu: folati, vitamini nyingine ya kundi B, nayo hunaswa katika umbo lisiloweza kutumika kwa kazi nyingine, na utengenezaji wa DNA huanza kuyumba.

Kuna njia ya pili. Baadhi ya mwani wana kimeng'enya kingine kinachofanya kazi hiyohiyo bila B12. Mwenye vyote viwili, kama Phaeodactylum tricornutum, mmoja wa diatomu (kundi la mwani wa seli moja), hutumia kile cha vitamini inapopatikana na kugeukia kingine inapokosekana. Ila njia hiyo ya pili ni ya gharama. Katika bakteria Escherichia coli, ambamo vimeng'enya hivi vimepimwa kwa makini, kile kisichotumia B12 hufanya kazi polepole kwa takriban mara mia moja kuliko mwenzake. Seli inayokitegemea hulazimika kuunda protini nyingi sana ili ipate methionini ileile, na protini hiyo hula nitrojeni na zinki. Ndiyo maana hata kwa mwani usiolazimika kuwa na vitamini, thamani ya vitamini hubadilika kufuatana na virutubisho vingine: nitrojeni na zinki zikiwa tele, seli inaweza kuimudu njia ya pili, zikiwa haba, B12 kidogo inayopatikana huokoa akiba kubwa.

Sasa turudi kwenye maji yenyewe. Bahari ya Ross ina nitrati na fosfati nyingi ambazo mwani hauzimalizi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kazi ya John Martin na wenzake ilikwisha kuonyesha kuwa katika maji ya Antaktika kinachopungua ni chuma, kwa kuwa vumbi la nchi kavu halifiki huko kwa wingi na chuma kinachotoka vilindini au kwenye barafu inayoyeyuka huliwa upesi. Jua nalo lina utaratibu wake. Karibu na nyuzi 77 kusini halitui tangu mwishoni mwa Oktoba hadi takriban tarehe 20 Februari, na barafu ya bahari inapofunguka, maji yaliyokaa gizani miezi mingi hupata mwanga mfululizo. Hapo huzuka mchipuko mkubwa wa mwani ambao una wahusika wakuu wawili. Mmoja ni Phaeocystis antarctica, anayeunda makoloni ndani ya ute na anayestawi hata pale maji yanapochanganyika kwa kina na seli kupata mwanga hafifu. Wa pili ni diatomu, zenye magamba ya silika, ambazo hupendelea maji yaliyotulia katika tabaka jembamba lenye mwanga mwingi.

Matokeo ya chupa yalifuata mgawanyiko huo kwa namna ya kushangaza. Chuma kilipoongezwa peke yake, Phaeocystis ndiye aliyenufaika kuliko diatomu. Katika jaribio moja ambamo chuma na vitamini kwa pamoja viliongeza mwani wote, diatomu Pseudonitzschia subcurvata ilipanda kutoka takriban asilimia 70 ya jamii hadi zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo vitamini haikuongeza wingi tu, ilibadilisha mshindi. Ninaona hili kuwa uthibitisho wenye uzito kuliko klorofili yenyewe, kwa sababu ongezeko la jumla laweza kuelezwa kwa njia nyingi, ilhali mabadiliko ya nani anakua yanaelekeza kidole kwa kundi maalumu lenye hitaji maalumu.

Kobalti nayo ilitoa ushahidi wake. Mtu angeweza kusema kwamba vitamini ilisaidia kwa sababu tu ina kobalti ndani yake, na kwamba mwani ulikuwa na kiu ya madini hayo. Chupa za kobalti zilijibu pingamizi hilo: kobalti haikubadilisha kiasi cha klorofili, iwe peke yake au pamoja na chuma. Kumpa diatomu kobalti badala ya kobalamini ni sawa na kumpa mwenye njaa shamba lisilolimwa. Zaidi ya hayo, matokeo hayo yanatuambia jambo kuhusu bakteria: kama wangekuwa wanashindwa kutengeneza vitamini kwa kukosa kobalti, chupa hizo zingepaswa kuonyesha nafuu ndani ya siku za jaribio, na hazikuonyesha. Kikwazo chao kilikuwa kwingine.

Dokezo la kikwazo hicho lilipatikana kwa kuhesabu bakteria mwanzoni mwa kila jaribio. Katika yale mawili ambayo vitamini ilisaidia, bakteria walikuwa wachache kuliko katika jaribio la tatu. Palipokuwa na watengenezaji wengi, mwani haukuwa na haja ya kuongezewa. Palipokuwa na wachache, pengo lilionekana. Majaribio matatu ni machache mno kuthibitisha kanuni, na watafiti wenyewe walisema tu kwamba matokeo yanapatana na dhana hiyo. Hata hivyo dhana inaingia akilini hasa kwa mahali hapo, kwa kuwa sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, ambao katika bahari za joto ni wengi sana, karibu hawapo katika maji baridi ya kusini, na mzigo wa kutengeneza B12 unabaki kwa bakteria wanaokula mabaki na majimaji ya mwani wenyewe. Wala tusidhani kwamba sianobakteria wangeondoa tatizo kwa kuwapo kwao tu. Mwaka 2016 Katherine Helliwell na wenzake walionyesha kwamba Synechococcus, mmoja wa sianobakteria hao, hutengeneza aina ya B12 yenye adenini katika sehemu yake ya chini, aina ambayo mwani mwingi wa kiini cha seli huitumia kwa shida kubwa.

Hapa panazuka swali ambalo kwangu ndilo kitovu cha kisa. Je, chuma na vitamini vilipungua ndani ya seli ileile, au tulikuwa tunatazama makundi mawili, moja likilia chuma na jingine likilia vitamini? Kanuni iliyoenezwa na Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19 inasema ukuaji hutawaliwa na kile kilicho haba zaidi kulinganisha na mahitaji. Ikifuatwa kwa ukali, seli moja haiwezi kuzuiwa na vitu viwili kwa wakati mmoja. Michael Droop, aliyefanya kazi Millport huko Uskoti, aliipima kanuni hiyo kwa vitamini B12 yenyewe. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1968 aliukuza mwani Monochrysis lutheri katika chombo ambacho maji mapya huingia na ya zamani kutoka mfululizo. Aliona kwamba kasi ya ukuaji haifuati moja kwa moja kiasi cha vitamini kilichomo majini, bali hufuata akiba iliyomo ndani ya seli. Pana kiwango cha chini cha akiba ambacho seli ikikifikia haigawanyiki tena. Juu ya kiwango hicho, kila nyongeza huongeza kasi, lakini kwa faida inayozidi kupungua. Mwaka 1974 aliunganisha B12 na fosfati katika utafiti mmoja na kukuta kwamba seli hutii upungufu mmoja, ule mkubwa zaidi, wala hazijumlishi pungufu zote mbili. Mwaka 1982 yeye na wenzake walirudi tena kwenye suala la akiba ya seli, safari hii wakiingiza mwanga katika hesabu.

Dhana ya akiba ya ndani inaeleza kwa nini vitamini inaweza kuanza kupungua baada ya chuma kuongezwa. Seli inayogawanyika huigawa akiba yake kwa watoto wawili. Ikiwa chuma ni haba, migawanyiko ni michache, na kiasi kidogo cha B12 kinachovuja kutoka kwa bakteria kinatosha kuijaza akiba kabla ya mgawanyiko unaofuata. Chuma kikiingia, seli hugawanyika kwa kasi, akiba hupungua kila kizazi, na uvujaji uleule uliokuwa unatosha jana hautoshi leo. Vitamini haijabadilika majini. Kilichobadilika ni mwendo wa kuitumia.

Mwanga unaingia katika hesabu hii kwa milango zaidi ya mmoja, na milango hiyo haielekei upande uleule. Mashine ya usanisinuru ni mlaji mkubwa wa chuma: kiungo chake kimoja, kile kiitwacho mfumo-nuru wa kwanza, kina atomu 12 za chuma. Seli iliyo katika mwanga hafifu huunda mashine nyingi zaidi ili ikusanye nuru ya kutosha, na kwa hiyo chuma inachohitaji huongezeka, jambo ambalo William Sunda na Susan Huntsman walilionyesha mwaka 1997. Seli hiyo hukwamia kwenye mwanga na chuma muda mrefu kabla ya kufika mahali pa kuikosa vitamini. Ikipandishwa kwenye tabaka jembamba lenye jua la saa 24, chuma kilekile kinatosha mashine chache zinazofanya kazi sana, ukuaji huongezeka, na ndipo B12 inapogeuka kuwa mpaka. Kwa mantiki hii tunatarajia njaa ya vitamini ionekane zaidi katika majira ya joto na kwenye maji yaliyotulia kuliko mwanzoni mwa mchipuko, maji yanapokuwa bado yanachanganyika kwa kina.

Tena mwanga huiharibu vitamini yenyewe. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1969 na Angelo Carlucci na wenzake yalionyesha kuwa jua huvunja B12 iliyoyeyuka katika maji ya bahari. Maumbo mawili ambayo vimeng'enya huyatumia, lile lenye methili na lile lenye adenosili, ni dhaifu zaidi: kifungo kinachounganisha kobalti na kaboni hukatika upesi kinapopigwa na nuru, na anayefanya kazi na maumbo hayo maabara huzima taa za kawaida na kuwasha nyekundu. Basi hapo juu, panapowezesha mwani kukua haraka na kuihitaji vitamini zaidi, ndipo pia vitamini hudumu muda mfupi zaidi majini. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, tabaka la juu la Antaktika katika Januari ni mahali ambapo hitaji hupanda wakati upatikanaji unashuka.

Lazima tukumbuke kuwa chupa hunyamazisha sehemu ya maelezo haya. Seli ndani ya chupa hukaa kwenye kiwango kimoja cha mwanga siku zote za jaribio, ilhali baharini ingepandishwa na kushushwa na upepo mara nyingi. Jibu linalotoka kwenye chupa ni jibu la tabaka lenye mwanga wa kutosha, na haifai kulitandaza juu ya bahari yote na majira yote. Vilevile chupa ina bakteria ndani yake, na wengi wao ni walaji wa B12, si watengenezaji. Vitamini iliyoongezwa iliwafikia wao pia. Sioni kwamba hili linaubomoa ufafanuzi wa watafiti, kwa kuwa ushindi wa Pseudonitzschia ni vigumu kuuhusisha na bakteria peke yao, lakini ni sababu ya kutoridhika na klorofili na kuhesabu tu.

Njia ya kutoridhika kwa manufaa ilikuwa kuzisoma jeni. Mwaka 2012 Bertrand, Andrew Allen na wenzao walitambua katika diatomu protini inayohusika na kunasa B12, wakaipa jina CBA1, ambayo huongezeka sana vitamini inapokosekana. Kuanzia hapo mtafiti angeweza kuiuliza jamii ya baharini yenyewe kama ina njaa, badala ya kusubiri ikue ndani ya chupa. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2015, ulifanywa kwenye ukingo wa barafu ya bahari katika McMurdo Sound, pembe ya kusini-magharibi ya Bahari ya Ross, majira ya joto yalipokuwa yanaelekea mwisho. Chuma na kobalamini vilikutwa vyote vikizuia ukuaji kwa wakati mmoja, na jeni zilizokuwa zikisomwa ndani ya diatomu zilionyesha dalili za upungufu wa vyote viwili.

Utafiti huo pia ulimpata mtengenezaji. Sehemu kubwa ya jeni za kuunda B12 zilizokuwa zikifanya kazi ilitoka kwa kundi moja la bakteria wa familia ya Oceanospirillaceae, ambalo wakati huohuo lilikuwa limewasha jeni za kunyonya mata ya kikaboni na za kujishikiza kwenye nyuso za seli. Ni bakteria anayeishi kwa kile mwani unachomwaga. Kundi jingine, akiwemo Methylophaga, lilikula kutoka kwa mwani vilevile lakini likaonyesha kukosa chuma na vitamini, yaani lilikuwa mshindani. Hivyo duara linafungwa: mwani ukikosa chuma, humwaga chakula kidogo, mtengenezaji wa vitamini hupungua, na chuma kikija ghafla, diatomu huamka haraka kuliko bakteria anayepaswa kuzihudumia.

Saito na wenzake walikwisha kupendekeza mwaka 2008 kwamba upungufu wa pamoja ugawanywe katika aina tatu: wa vitu viwili visivyohusiana ndani ya seli, wa vitu vinavyoweza kushika nafasi ya kingine, na ule ambao kukosa kimoja huizuia seli kukipata kingine. Chuma na B12 ndani ya diatomu huonekana kuangukia aina ya kwanza. Kwa maoni yangu, hata hivyo, tukitazama kijiji kizima cha viumbe badala ya seli moja, tabia yake inakaribia aina ya tatu, kwa kuwa chuma cha mwani ndicho kinachomlisha bakteria atengenezaye vitamini. Kanuni ya Liebig inabaki kweli kwa seli ya Droop iliyotengwa peke yake katika chombo. Kwa maji ya Ross yaliyojaa majirani haitoshi.

Kilikuwa kimebaki kitendawili cha Phaeocystis: kwa nini chuma peke yake kilimnufaisha yeye, wakati ilidhaniwa kwamba naye anategemea vitamini kutoka nje? Jibu lilichapishwa mwaka 2024. Deepa Rao na wenzake waliikuza Phaeocystis antarctica katika michanganyiko mbalimbali ya chuma na B12 na kukuta kuwa haitegemei vitamini hata kidogo kwa maana ya lazima. Ina kimeng'enya cha njia ya pili kilichounganika na protini nyingine, umbo ambalo mbinu za awali hazikulitambua, nacho huwashwa vitamini inapopungua na kuzimwa inapokuwapo. Tukiyasoma upya matokeo ya 2007 kwa ujuzi huo, yanapata maana iliyo wazi zaidi. Chupa ya chuma peke yake ilimfungulia njia yule mwenye uwezo wa kuvumilia ukosefu wa B12. Chupa ya chuma na vitamini iliondoa faida hiyo, na diatomu zisizo na njia ya pili zikampita.

Jambo hili lina uzito kwa wale wanaokadiria mustakabali wa mchipuko wa Ross. Barafu ya nchi kavu inayoyeyuka huleta chuma, na maji matamu yake huyatuliza maji ya juu na kuyaweka katika mwanga mwingi zaidi. Kielelezo cha hesabu kinachohesabu chuma na mwanga peke yake kitatabiri diatomu nyingi katika hali hiyo, kwa sababu tabaka jembamba lenye mwanga ndilo makazi yao. Kielelezo kinachoingiza akiba ya B12 ndani ya seli, kasi ya jua kuivunja vitamini, na kuchelewa kwa bakteria wa Oceanospirillaceae, kinaweza kutabiri kwamba Phaeocystis atashikilia nafasi yake muda mrefu zaidi, hadi bakteria hao watakapoongezeka vya kutosha kuzilisha diatomu.